Kibali kisichojibiwa hakilindi maji

Lipo jambo moja ambalo kwa muda mrefu limekuwa likizungumzwa barazani na katika mikutano ya vijiji, lakini halijapata jibu lililo wazi kutoka kwa wenye mamlaka. Jambo hilo ni hili: mwananchi ambaye nyumba yake imo ndani ya eneo lililohifadhiwa kwa ajili ya chanzo cha maji, akitaka kuitengeneza nyumba hiyo, aombe ruhusa kwa nani, ajibiwe kwa muda gani, na kwa kipimo gani?

Hatulileti jambo hili kwa nia ya kuipinga sheria. Maji hayana mbadala, na Shinyanga inaufahamu ukweli huu kuliko mikoa mingi ya nchi yetu. Mvua zetu ni za kati ya milimita 600 na 900 kwa mwaka, nazo hunyesha kwa pupa kisha hukoma. Mito kama Manonga na Tungu hufurika kwa siku chache, halafu hubaki mchanga mtupu ambao akina mama huuchimba wakitafuta maji. Ndiyo maana tangu mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947, wakati wa ukoloni, watu wa huku wamekuwa wakichimba malambo na kujenga mabwawa. Mji wa Shinyanga wenyewe ulitegemea bwawa la Ning'hwa kwa miaka mingi, hadi mwaka 2009 yalipozinduliwa maji ya Ziwa Victoria yanayovutwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, kuja Kahama na Shinyanga. Mtu aliyeishi hapa kabla ya mwaka huo hahitaji kufundishwa thamani ya ndoo moja ya maji.

Kwa hiyo sheria zilizopo tunaziunga mkono. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 57, imekataza shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, au bwawa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nayo imempa Waziri uwezo wa kutangaza maeneo tengefu kwa ajili ya kulinda vyanzo vya maji. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliwahi kuzitaja kingo hizo hizo za mita 60 miongoni mwa ardhi zinazoweza kutangazwa kuwa ni za hatari. Nia ya sheria hizi zote ni moja, nayo ni njema.

Lakini sheria njema hupimwa mlangoni mwa mtu wa kawaida. Tuchukue mfano wa mzee ambaye nyumba yake iko hatua arobaini kutoka ukingo wa bwawa la kijiji. Ni nyumba ya matofali ya udongo, vyumba viwili, paa la nyasi. Mchwa wamekula boriti, ukuta wa magharibi umepasuka, na choo cha shimo alichokichimba miaka ishirini iliyopita kimejaa. Mwanawe anayefanya kazi Kahama amemletea bati na mifuko ya saruji. Mzee ni mtu wa kufuata taratibu. Anakwenda kwa mtendaji wa kijiji, ambaye anamwambia kwamba mambo ya vyanzo vya maji yako juu ya uwezo wake. Anakwenda halmashauri ya wilaya, anaambiwa kwamba kibali cha ujenzi hakiwezi kutolewa mpaka ofisi ya bonde iseme neno. Anaandika barua kwa ofisi ya bonde. Saruji inaganda ghalani, mvua zinaanza, na barua haijajibiwa.

Msomaji asiyeujua mkoa wetu anaweza kudhani kwamba ofisi ya bonde ni mlango mmoja. Sivyo. Mvua inayonyesha juu ya Mkoa wa Shinyanga hugawanyika njia tatu. Mingine huelekea Ziwa Victoria, ambalo bodi ya bonde lake ina makao yake Mwanza. Mingine hushuka kwa Mto Manonga kuelekea Wembere, na hiyo ni mali ya Bonde la Kati, lenye makao Singida. Na ile ya kusini magharibi mwa Kahama hutafuta njia ya kwenda Malagarasi na Ziwa Tanganyika, ambalo bodi ya bonde lake iko Kigoma. Mgawanyo huo umefuata mwendo wa maji, na kitaalamu ni sahihi kabisa. Hata hivyo, mkulima wa Kishapu hajengi nyumba kwa kufuata mwendo wa maji. Yeye anaijua halmashauri yake, na ni haki yake kutarajia kwamba mlango huo mmoja ungemtosha.

Sasa tujiulize: mzee huyu asipojibiwa, maji ya bwawa yanalindwa? Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Nyumba bado ipo palepale. Watu waliomo bado wanaishi, wanapika, wanafua na kujisaidia palepale. Choo kilichojaa bado kiko hatua arobaini kutoka kwenye maji ya kunywa. Palipo na udongo wa luseni, ambao ni wa kichanga, uchafu wa shimo hupenya chini upesi. Palipo na udongo mweusi wa mbuga, shimo hujaa maji wakati wa masika na kumwaga juu. Mtu aliyenyimwa ruhusa ya kujenga choo bora kilichosakafiwa na kuzibwa kwa saruji, hajazuiwa kuchafua maji. Amezuiwa kuacha kuyachafua.

Na asiyejibiwa mchana hujenga usiku. Huo ndio ukweli wa binadamu, nasi hatuna sababu ya kuuficha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini mwananchi huyu akiuziba ufa anaambiwa kuwa ni mvunja sheria, na akijenga ukuta anakuwa mvunja sheria zaidi. Basi hujenga kwa haraka, bila ramani, bila fundi mwenye ujuzi, na bila mkaguzi yeyote wa afya kuona shimo la maji machafu limewekwa wapi. Ukimya wa ofisi, ambao ulidhaniwa kuwa ni kinga ya bwawa, unazaa ujenzi ulio mbaya kuliko wote.

Tatizo jingine limo katika neno lenyewe la sheria. Shughuli za "kudumu" ni zipi? Kuezua nyasi na kuezeka bati, bila kuongeza hata shubiri moja ya msingi, ni shughuli mpya ya kudumu, au ni kuitunza ile iliyokuwapo? Kuongeza chumba upande ulio mbali na maji ni sawa na kujenga nyumba mpya ukingoni? Sheria ya mwaka 2004 ilikwisha kuona ugumu huu, kwani kifungu hicho hicho cha 57 kinampa Waziri uwezo wa kuweka mwongozo wa shughuli zinazoweza kufanyika ndani ya mita hizo 60. Maana yake ni kwamba waliotunga sheria hawakukusudia kwamba kila pigo la nyundo liwe kosa. Walikusudia pawe na kipimo. Kipimo hicho kinapaswa kufika kijijini, kwa Kiswahili chepesi, na kubandikwa ukutani mwa ofisi ya mtendaji.

Tena, mita 60 zinapimwa kutoka wapi? Ukingo wa lambo letu mwezi wa Machi si ukingo wake mwezi wa Oktoba. Lambo hunywea, na ardhi iliyokuwa chini ya maji hugeuka malisho. Nyumba iliyo ndani ya mpaka wakati wa masika huweza kuwa mbali nao sana wakati wa kiangazi. Wenzetu wa Uganda, tunaoshirikiana nao Ziwa Victoria lile lile, waliweka mwaka 2000 kanuni ya mita 200 kutoka ukingo wa ziwa hilo. Hatusemi kwamba wao wamekosea au sisi tumekosea. Tunasema kwamba kipimo ni uamuzi wa wanadamu, na uamuzi wa wanadamu hauna budi kuelezwa, kuwekewa vigingi vinavyoonekana, na kusimamiwa kwa namna moja kwa wote.

Aidha haifai kusahau jinsi watu hawa walivyofika walipo. Si wote waliovamia. Katika Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, maelfu ya familia za Shinyanga zilihamishwa kutoka katika maboma yao ya asili na kuwekwa katika vijiji vilivyopangwa kufuata barabara na huduma, maji yakiwa mojawapo. Mtu aliyeonyeshwa kiwanja na serikali karibu na lambo mwaka 1974 hawezi leo, yeye au mjukuu wake, kuitwa mvamizi kwa sababu sheria iliyokuja miaka 30 baadaye imechora mstari kupita uani kwake. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 24, inalinda haki ya mtu kumiliki mali na inakataza kunyang'anywa mali hiyo bila fidia inayostahili. Kumzuia mtu asiitengeneze nyumba yake mpaka imwangukie si mbali sana na kumnyang'anya.

Wako wanaojibu hoja hizi kwa hoja nzito, nayo tuipe nafasi yake. Wanasema: ukimruhusu mmoja, kesho watakuja mia. Chumba kimoja cha mjukuu kitageuka vyumba kumi vya kupangisha, na banda la kuku litageuka nyumba ya wageni. Hofu hii si ya kubuni, hasa katika ukanda wa dhahabu. Tumeiona Katoro ikikua na kuwa mji mbele ya macho yetu. Tumeiona Kakola ikijaa watu kwa ajili ya Bulyanhulu, na Kahama ikipanuka mwaka hadi mwaka. Palipo na dhahabu, kila chumba kina mpangaji anayengoja, na tamaa ya kodi ya nyumba haijui mita 60. Anayeomba kibali cha kutengeneza paa kisha akainua ghorofa ya wapangaji anawaharibia wenzake wote wanaoomba kwa uaminifu.

Lakini jibu la hofu hiyo ni ukaguzi. Ukimya haujibu kitu. Kibali kilichoandikwa hutaja ukubwa wa nyumba, idadi ya vyumba, mahali pa choo na mwisho wa kazi. Mwenye kibali akizidisha, yapo maandishi ya kumhukumu nayo. Asiye na kibali wala katazo hana cha kupimwa nacho, na bwana afya anayefika kumkagua hana cha kushika mkononi.

Liko pia suala la usawa, ambalo wananchi wanalisema kwa sauti kubwa kuliko sisi. Mwenye nyumba ya udongo anapoambiwa kwamba bati lake litaharibu chanzo cha maji, huinua macho na kutazama mialo ya kuoshea dhahabu iliyopangwa kando ya kijito hicho hicho. Huko Rwamagasa, wilayani Geita, uchunguzi uliofanywa chini ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulishughulikia zebaki ambayo wachimbaji wadogo huitumia kukamatia dhahabu, na ambayo huishia katika tope la vijito. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Na huko Kishapu, tarehe 7 Novemba 2022, ukingo wa bwawa la majitope la mgodi wa almasi wa Mwadui ulipasuka, na tope likafunika mashamba na makazi ya watu. Hatuwezi kumlaumu mwananchi akiuliza kwa nini mkono wa sheria huufikia mlango wake kabla ya kuifikia milango iliyo mipana zaidi.

Mkoa wa Geita una funzo jingine linalofanana na hili, ingawa chanzo chake si maji. Kwa miaka mingi wakazi wa mitaa iliyomo ndani ya mipaka ya leseni ya mgodi mkubwa wa dhahabu wamelalamika kwamba vigingi vya leseni vimewafunga mikono: hawahamishwi kwa fidia, wala hawaachiwi waendeleze nyumba zao kwa uhuru. Hali ya kuwekwa katikati namna hiyo ni mbaya kuliko kukubaliwa au kukataliwa, kwa sababu anayekataliwa anajua la kufanya. Isitokee kwamba vigingi vya maji vikazaa malalamiko yale yale ya vigingi vya dhahabu.

Jiji la Dar es Salaam nalo limetuonyesha mwisho wa njia hii. Katika Bonde la Msimbazi watu waliachwa wajenge kwa miongo mingi, kisha mwezi Desemba 2015 nyumba zikapakwa alama nyekundu na kuanza kubomolewa. Wengine walikimbilia mahakamani kuomba zuio. Miaka kadhaa baadaye serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilirudi katika bonde hilo hilo kwa mradi wenye fidia ndani yake. Kilichoshindikana kwa tingatinga kilibidi kifanywe kwa daftari la tathmini. Gharama ya kuchelewa ililipwa mara mbili: kwanza na wenye nyumba, kisha na taifa zima.

Mbali zaidi, uko mfano wa jiji la New York nchini Marekani. Jiji hilo hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka milima ya Catskill, ambako wanaishi wakulima na watu wa vijiji vidogo. Lilipoona kwamba mtambo wa kuchuja maji hayo ungegharimu mabilioni ya dola, lilitia sahihi mapatano na vijiji hivyo mwaka 1997. Ardhi ilinunuliwa kwa waliokubali kuuza, na masharti ya ujenzi yalikazwa. Lakini pia jiji lilikubali kutoa fedha za kutengeneza mashimo mabovu ya maji machafu katika nyumba za wenyeji. Wakubwa wa jiji walielewa kwamba choo kizuri cha mkulima wa mlimani ni sehemu ya mabomba ya jiji. Hatuna utajiri wa New York, ila akili hiyo haihitaji utajiri.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kiasi hicho. Shinyanga yenyewe imewahi kuufundisha ulimwengu. Mwaka 1986, ardhi yetu ilipokuwa imechakaa na kuelekea jangwa, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulianza. Wakati huo ngitili zilizokuwa zimebaki zilikuwa kama hekta 600 tu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikwisha kupita hekta 300,000, na mwaka 2002 mradi huo ukapata tuzo ya Umoja wa Mataifa. Ngitili hazikurudi kwa sababu askari walisimama kila kona. Zilirudi kwa sababu kila kaya ilijua mipaka yake, kila kijiji kilikaa katika dagashida na kukubaliana wakati wa kufunga na wakati wa kufungua, na mkosaji alijua faini yake kabla hajakosa. Hifadhi iliyofahamika na kukubaliwa ililindwa na watu wenyewe.

Kwa kuzingatia hayo yote, tunashauri mambo matano. Kwanza, halmashauri iwe mlango mmoja wa kupokea maombi ya kutengeneza nyumba zilizomo katika maeneo ya vyanzo vya maji, na yenyewe ndiyo ipeleke maombi hayo kwa bodi ya bonde inayohusika. Mwananchi asitumwe kuzunguka. Pili, kila ombi liwekewe muda wa kujibiwa, na jibu liwe la maandishi, likitaja sababu. Tatu, pawe na tofauti iliyo wazi kati ya kutengeneza kilichopo, kupanua kilichopo, na kujenga kipya: la kwanza liruhusiwe kwa masharti, la pili lipimwe kwa makini, la tatu likataliwe. Nne, sharti la kwanza la kila kibali liwe choo bora na njia salama ya maji machafu, na asiye na uwezo asaidiwe, maana anayesaidiwa hapo ni kila anywaye maji ya bwawa hilo. Tano, mahali ambapo wataalamu wameona kwamba binadamu hawezi kukaa kabisa, serikali iseme hivyo waziwazi, ifanye tathmini, ilipe fidia na kuwahamisha watu kwa heshima.

Kwa wananchi nao tuna neno. Anayeomba kibali aseme kweli kuhusu anachotaka kujenga. Anayekijua kiwanja kilicho ndani ya mita 60 asikiuze kwa mgeni kwa kisingizio kwamba hakuna aliyemkataza. Na jumuiya za watumia maji zisingoje afisa kutoka mkoani ili kumwambia jirani kwamba shimo lake limesogea mno. Bwawa ni la wanaolinywa kabla ya kuwa la ofisi yoyote.

Mzee tuliyemtolea mfano hakuomba upendeleo. Aliomba jibu. Akikubaliwa, atajenga kwa masharti, na bwawa litapata jirani aliye safi zaidi. Akikataliwa kwa sababu za haki, na kufidiwa, atahama akiwa na heshima yake. Lakini akiachwa bila jibu, masika yataanza kumjibu, na maji yatakayopita katika choo chake kilichojaa ndiyo tutakayoyateka sote asubuhi.